Kioo cha Pikapu ya Msikiti



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu wasomaji wa ukurasa huu wa familia, juma hili tumeona tuwasimulie kisa cha kioo kimoja cha mlango wa gari. Kilivunjwa kwa jiwe la mtoto, nasi wajumbe sita wa kamati ya msikiti mmoja wa hapa Temeke, jijini Dar es Salaam, tukachukua siku nane kukirudisha. Katika siku hizo nane tulikaribia mara mbili kufanya wema kwa mali isiyo yetu, na mara zote mbili tulikuwa na hoja nzuri mdomoni. Ndiyo maana tumeshika kalamu.

Gari lenyewe ni pikapu, Toyota Hilux ya kizamani yenye mlango mmoja kila upande. Iliwekwa wakfu na Muislamu mmoja aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Kazi yake kubwa ni kubeba jeneza kupeleka makaburini. Baina ya msiba na msiba hubeba mikeka, masufuria ya futari mwezi wa Ramadhani, na madumu ya maji pale bomba linapokauka. Mtaani kwetu hakuna nyumba ambayo pikapu hii haijawahi kusimama mlangoni pake, kwa heri au kwa msiba.

Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa Desemba, baada ya swala ya Alasiri. Pikapu ilikuwa chini ya mwembe ulio uani kwa msikiti, na maembe yalikuwa yameanza kuiva. Watoto wa madrasa walipotoka darasani walirusha mawe juu ya mti, kama sisi tulivyorusha tulipokuwa na umri wao. Jiwe moja halikufika kwenye embe. Liliangukia kioo cha mlango wa kushoto, upande anakokaa abiria. Tuliposikia mlio na kutoka nje, ua ulikuwa mtupu. Zilibaki kandambili mbili tu, zote za mguu wa kulia.

Kioo cha mlango hakivunjiki kama kioo cha mbele. Kile cha mbele ni tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, katikati pana utando wa plastiki. Kikipigwa hupata nyufa lakini vipande hushikana. Cha mlango hutengenezwa kwa kuchomwa hadi joto kali kisha kupozwa kwa ghafla kwa upepo, na kikivunjika humwagika chote kwa mara moja, punje ndogo ndogo kama chumvi ya mawe. Hufanywa hivyo makusudi ili kisimkate mtu kwa ncha kali. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hakizibiki wala hakiungwi. Dawa yake ni kutia kingine.

Tulifunika pengo kwa nailoni na gundi ya karatasi, tukaondoka kila mmoja akiwa na dhana yake juu ya mtoto wa nani.

Asubuhi ya Alhamisi, tulipotoka swala ya Alfajiri, tulimkuta bibi mmoja amesimama nje ya lango. Ni mjane anayeuza vitumbua karibu na kituo cha daladala, na wengi wetu ni wateja wake. Mkono mmoja alimshika mjukuu wake wa miaka kumi na moja. Mkono wa pili ulishika usukani wa baiskeli.

"Shikamoo bibi," tulimwamkia.

"Marahaba wanangu. Nimemleta aliyevunja. Usiku hakula, nikajua ana jambo. Nikamwambia, mjukuu wangu, ukisema kweli sitakugusa. Akasema." Kisha akaisogeza baiskeli mbele. "Mimi pesa sina. Hii ni ya kwake, ndilo fungu lake alilopata alipofariki baba yake. Iuzeni mtie kioo."

Mtoto alikuwa anatazama chini. Alikuwa amevaa kandambili mbili za mguu wa kushoto.

Hatukuipokea baiskeli. Tulimwambia bibi airudi nayo nyumbani, kamati ikae kwanza. Tulimshukuru mtoto kwa kusema kweli, na tukaona mabega yake yakishuka kidogo.

Siku ya pili yake, Ijumaa, palitokea msiba. Mvua za vuli zilikuwa zimeshika. Tuliposwali swala ya jeneza na kupakia, mtoto mkubwa wa marehemu alikaa mbele upande wa kushoto, maana ndiye aliyekuwa anaijua njia ya makaburi ya ukoo wao. Nailoni ilibanduka tulipotoka barabara ya lami. Alifika makaburini kanzu imemganda mwilini upande mmoja, na hakusema neno. Angetulaumu tungepata nafuu. Usiku ule tulikubaliana kuwa kamati ikae kesho yake, na kioo kisipite juma lijalo.

Kikao cha Jumamosi kilianza kwa huruma. Mjumbe wa kwanza alisema: "Yatima huyu tumsamehe. Kioo kilipwe kutoka katika sanduku la msikiti, tuandike ni matengenezo ya kawaida." Wa pili akaunga mkono, wa tatu akaunga mkono. Katibu, ambaye ndiye anayeandika mistari hii kwa niaba ya wenzake, alikuwa ameshaanza kuandika azimio. Tulijiona watu wema sana. Kusamehe kulikuwa kumetuchukua dakika tano.

Imamu wetu ndiye aliyetuzuia, kwa swali moja: "Kioo hiki ni cha nani, hata nyinyi mkakisamehe?"

Tukanyamaza, kwa sababu jibu tulilijua. Sisi tuliopita vyuo vya dini tulilisoma darasani: kalamu ya madhambi haimwandiki mtoto mpaka abaleghe, lakini haki ya mali haianguki kwa udogo wa aliyeiharibu, wala kwa kuwa hakukusudia. Dhambi hana, dhamana ipo. Na dhamana hiyo katika fikihi ya madhehebu yetu ya Kishafi humo katika mali ya mtoto mwenyewe, na anayemlea ndiye anayeisimamia. Bibi yule, ambaye hakukaa darasa la fikihi hata siku moja, alikuwa ameileta dhamana hiyo mpaka langoni ikiwa na magurudumu mawili.

Angekuwa amevunja kioo cha gari la mmoja wetu, mwenye gari angesamehe na angepata thawabu. Lakini pikapu ni wakfu. Sisi ni wasimamizi wake tu. Msimamizi anaweza kulinda, kutengeneza na kudai. Hana mamlaka ya kugawa haki ya wakfu kwa sababu moyo wake umelainika. Hata fedha za sanduku, walizitia watu kwa niya zao, mwingine shilingi mia tano alizokuwa anazihitaji. Tulikuwa tunataka kumsamehe yatima kwa sadaka ya mjane.

Imamu akatukumbusha kisa kilichopokewa kwa Anas na kutajwa na Imamu Bukhari. Mtume (s.a.w.) alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wake zake, mke mwingine akamtuma mtumishi alete chakula katika bakuli. Yule mwenye nyumba, kwa wivu, akaupiga mkono wa mletaji, na bakuli likaanguka likavunjika. Mtume hakumfokea mkewe. Alikusanya vipande kwa mikono yake, akakusanya na chakula, akawaeleza waliokuwapo kwa upole kwamba ni wivu umemshika mama yenu. Lakini pia hakumruhusu aliyeleta chakula aondoke mikono mitupu. Alichukua bakuli zima katika nyumba ile ile, likapelekwa kwa mwenye bakuli lililovunjika, na lililovunjika likabaki kwa aliyelivunja. Kwa hiyo aliyekosa hakuvunjiwa heshima, na aliyeharibiwa hakupoteza chombo chake.

"Basi tuuze baiskeli ya yatima?" mjumbe mmoja aliuliza, na sauti yake ilikuwa na hasira kidogo.

Imamu akajibu: "Sikusema hivyo. Dai lipo, na lazima wakfu ulipwe. Lakini mtu akimlipia mwenziwe dai kwa hiari yake na kwa mali yake mwenyewe, dai limekwisha. Mkitaka kumhurumia mtoto, mlango uko wazi. Ila mlango wenyewe uko mifukoni mwenu."

Tulitazamana. Huruma iliyokuwa imejaa chumbani dakika chache kabla ilipungua kwa namna tuliyoiona sote. Tulipiga hesabu. Kioo kipya shilingi 90,000, mpira wake 10,000, ufundi 20,000. Jumla 120,000, sawa na 20,000 kwa kila mjumbe. Miongoni mwetu yumo mwalimu wa madrasa, yumo dereva wa bodaboda, yumo muuza nguo za mitumba. Desemba ni mwezi wa kutafuta ada na sare za shule za Januari. Hata hivyo tulikubali, na tukaandika katika kumbukumbu kuwa dai la wakfu litalipwa na wajumbe kwa niaba ya mtoto. Imamu aliongeza sharti moja: mtoto aende gereji, aone kazi ya jiwe lake tangu mwanzo hadi mwisho.

Hapo ndipo ulipokuja mtihani wa pili, nao ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza kwa sababu ulitukuta tunalipa wenyewe.

Fedha zilipokuwa za sanduku, hakuna aliyeuliza kama kuna kioo cha bei nafuu. Zilipokuwa zetu, sote tuliuliza. Kufika Jumatatu mjumbe mmoja alikuwa amempata fundi aliyekuwa na kioo kilichotumika, 40,000 tu, na mpira wa zamani ungefaa. Pamoja na ufundi ingekuwa 60,000, yaani kila mtu 10,000 badala ya 20,000. Tulifurahi. Tulienda watatu, pamoja na mtoto.

Fundi alikitoa kioo kikiwa kimefungwa ndani ya gunia. Kilikuwa kizima, hakina hata mkwaruzo katikati. Alikisimamisha juu ya kiti ili tukitazame. Sisi watu wazima tulikitazama tukaona bei. Katibu alikuwa ameshatia mkono mfukoni. Mtoto aliinama karibu na pembe ya chini, akaanza kusoma polepole kama anavyosoma ubaoni, herufi ya T, kisha tarakimu moja, kisha ya pili. Ya tatu ilikuwa imesuguliwa haisomeki.

"Ustadhi," aliuliza, "hii si namba ya gari? Mbona ya kwetu inaanza na nyingine?"

Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa. Wenye magari wengi huandikisha namba za magari yao kwenye vioo na taa kwa sababu ya wezi wa vipuri. Kioo kilichokuwa mbele yetu kilikuwa na namba ya mtu, na mtu mwingine alikuwa ameanza kuifuta.

Tulimwuliza fundi kimetoka wapi. Alisema aliletewa. Tulimwuliza kama kina risiti, akacheka. "Sheikh, kioo kilichotumika kina risiti gani? Hiyo namba tunaisugua dakika mbili, haionekani. Na msipokinunua nyinyi atakinunua mwingine leo leo."

Haki ituongoze hata kwa fundi yule. Huenda gari lile liligongwa likauzwa vipande kihalali. Hatukuwa na ushahidi wa wizi. Lakini hatukuwa na ushahidi wa uhalali pia, na tulichokuwa nacho mbele ya macho ni namba iliyofutwa nusu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuliacha lenye shaka na kulishika lisilo na shaka. Tena asiyejua ana udhuru wake, sisi tulikwisha kujua. Mwenye kununua kitu hali anajua kimeibwa hakimiliki mbele ya Mwenyezi Mungu, na sheria ya nchi nayo inamhesabu mkosaji.

Pamoja na hayo yote, hatukuondoka mara moja. Tunaliandika hili kwa aibu. Tulisimama pale kwa muda, na mmoja wetu akasema kwa sauti ya chini: "Si tunamfanyia yatima?" Hoja ilikuwa nzuri, kama ile ya Jumamosi. Jumamosi tulitaka kumhurumia mtoto kwa fedha za wakfu. Jumatatu tulitaka kumhurumia kwa kioo cha mtu tusiyemjua, ambaye pengine asubuhi moja alitoka nyumbani kwake akakuta mlango wa gari lake una nailoni kama wetu. Kioo kile kingewekwa kwenye gari linalobeba maiti zetu, na kila atakayekaa pale angeegemeza mkono wake juu ya haki ya mtu.

Mtoto alikuwa anatutazama, anangoja jibu la swali lake. Hatukuweza kumwambia kuwa namba haina maana, kwa sababu Alhamisi tulimsifu kwa kusema kweli. Tulimwaga fundi, tukatoka. Tarakimu zilizosomeka tuliziandika na kuzipeleka kituo cha polisi cha karibu, kwani lililokuwa katika uwezo wetu ni hilo.

Jumatano tulikwenda Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, tukanunua kioo kwa risiti yenye jina la msikiti. Kabla ya kulipa tulilinganisha umbo, maana kioo cha kushoto hakiingii kulia, na Hilux za miaka tofauti hazivaliani vioo. Siku iliyofuata, Alhamisi, fundi wa mtaani kwetu alikuja mpaka uani kwa msikiti na kukitia pale pale chini ya mwembe, mtoto akimshikia bisibisi.

Kwa faida ya wenye magari tutaieleza kazi yenyewe. Fundi alichomoa mkono wa kupandishia kioo, akafungua skrubu za kishikio, kisha akabandua ubao wa ndani wa mlango taratibu ili vibanio visikatike. Chini yake pana nailoni inayozuia maji, akaitoa bila kuichana. Halafu akamwambia mtoto aingize mkono uliovaa glovu na kutoa punje zote zilizoangukia ndani ya mlango. Mtoto alijaza kopo moja, akadhani amemaliza, fundi akamwambia aendelee. Punje zikiachwa hupiga kelele kila gari linapotikisika, na huziba vitundu vya kutolea maji vilivyo chini ya mlango, maji yakakaa humo na mlango ukaoza kwa kutu. Baada ya punje, alitia mpira mpya, akaushusha kioo kwa kukiinamisha, akakikalisha juu ya mashine yake na kukifunga. Alikipandisha na kukishusha mara kadhaa kabla ya kurudisha ubao, ili kama kinakwama kijulikane mapema.

Bibi alikuja na sinia la vitumbua vya watoto wa madrasa. Tulimweleza kuwa dai limelipwa lote, na baiskeli ni ya mjukuu wake kama ilivyokuwa. Akauliza: "Mmesamehe, au mmelipa?" Tukamwambia tumelipa. Akaitikia kwa kichwa, akasema: "Hapo sawa. Nisingependa nidaiwe na marehemu aliyelitoa gari." Kisha akatupa sisi nasi vitumbua, na akatukataza kumlipa.

Ndugu wazazi, watoto wetu watavunja vitu. Tukimpiga mtoto kabla hajasema, tutamfundisha kukimbia na kandambili zisizo zake. Tukimwambia "si kitu, sahau", tutamfundisha kuwa mali ya watu haina mwenyewe. Akae nasi tunapokusanya vipande, ajue bei yake, na aone kwa macho yake fedha zinatoka wapi. Nasi wenye dhamana za misikiti, madrasa na vikundi, kila tunapojiona wepisi wa kutoa, tutazame kwanza mkono wetu uko katika mfuko wa nani.

Siku hizi pikapu haiegeshwi tena chini ya mwembe, na maembe huangushwa kwa upondo siku ya Ijumaa, yakagawiwa watoto wote. Kabla fundi hajaondoka tulimwomba aandike namba ya gari letu kwenye kioo kipya. Mtoto ndiye aliyemsomea tarakimu, moja baada ya moja, na akarudia kuzisoma alipomaliza, kuhakikisha.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu aliyeiweka wakfu pikapu hii, amkuze yatima wetu katika ukweli, na atulinde sisi na ukarimu wa mali isiyo yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.